Vitabu Walivyosoma Babu Zetu na Vile Wasivyosoma Watoto Wetu

(Maneno ya mhasibu wa umoja kwenye chakula cha jioni cha hisani, Dar es Salaam)



Kamati imenipa dakika ishirini nieleze kifungu kimoja tu cha makadirio ya mwaka huu. Ni kifungu cha nne, "Vitabu na makabati", shilingi 4,600,000. Tangu rasimu ilipotumwa kwenye kundi letu la simu, kifungu hiki kimepata maswali mengi kuliko hata kile cha bomba la maji la zahanati, ambacho ni kikubwa mara tatu. Mmoja aliuliza kama serikali haileti vitabu. Mwingine aliuliza vitabu vya nini wakati watoto wana simu. Na mzee wangu mmoja, yupo meza ya mbele na simtaji, aliuliza swali lililonifanya niombe dakika ishirini badala ya tano: "Mnanunua vitabu gani? Kwani vile vyetu viliharibika nini?"

Sisi Wapare tunasemwa mjini kwamba shilingi ikiingia mfukoni mwetu haitoki bila barua ya maombi. Mimi naona ni sifa. Watu ambao wazee wao walikwenda Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru hawawezi kupewa hesabu nusunusu, kwa hiyo nitajibu swali la mzee kwanza, kisha nirudi kwenye shilingi.

Babu yangu mzaa baba alisoma hadi darasa la nne, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vitabu vya shule nzima vilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya meza ya mwalimu. Wakati ule Kiswahili cha shuleni kilikuwa kinasimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na kitabu cha shule kilitakiwa kupata kibali chake. Katibu wa kwanza wa Kamati ile, Frederick Johnson, ndiye aliyefasiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichotoka 1929. Basi mtoto wa mlimani, ambaye hajashuka hata kufika stesheni ya reli, alianza kusoma hadithi kwa safari ya Waingereza wanaokwenda bara kumtafuta ndugu aliyepotea na hazina ya almasi. Zaidi ya hapo kulikuwa na Hekaya za Abunuwas, kulikuwa na gazeti la serikali la Mambo Leo lililoanza 1923, na baadaye kikaja kitabu cha Mwafrika mwenzao, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934.

Ukiitazama orodha hiyo leo utaona kasoro yake mara moja. Katika Mashimo, mwenye kuamua njia ni mgeni, na mwenyeji kazi yake ni kubeba mzigo na kustaajabu. Nilipokuwa chuo kikuu nilijaribu kumweleza babu jambo hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekisoma kitabu chenyewe au nimesoma habari zake. Kisha akanisimulia chote, kuanzia walipokutana melini hadi walipofungiwa pangoni, na yule bibi kizee mchawi ambaye ndiye aliyempenda kuliko wote. Alikuwa hajakishika kitabu kile kwa miaka zaidi ya hamsini. Wenzake wa rika lake wanasema alikuwa akikisimulia usiku wakisubiri zamu ya maji kwenye ndiva, na kwamba mtu aliyelala akipitwa na sehemu alidai irudiwe.

Naomba mliweke jambo hilo akilini: vitabu vichache, vya kigeni, lakini vilisomwa vyote, ukurasa kwa ukurasa, hata msomaji akaweza kuvitoa kichwani.

Sasa rika la wazazi wangu, ambao ni wengi wenu mliokaa upande huu. Baba alikuwa sekondari miaka ya mwisho ya 1960. Orodha yake ilikuwa imeshageuka. Shaaban Robert alikuwa ameingia darasani na Kusadikika, kitabu cha 1951, na wanafunzi walibishana kuhusu Karama na mashtaka yake kana kwamba kesi iko baraza la wazee la kwetu. Mwalimu Nyerere, akiwa Ikulu na kazi zote zile, alimfasiri Shakespeare: Juliasi Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kwa Kiingereza walisoma Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka 1958. Baba aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza alikutana kwenye kitabu na mzee mwenye ghala, wake na hasira kama za jirani yao, na kwamba darasa zima lilinyamaza Okonkwo alipojinyonga.

Lakini hata rika hilo lilikuwa na vitabu vya kuficha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilikatazwa shuleni. Kina dada waliokuwa bweni wakati ule wanajua ilivyopita chini ya godoro kutoka kitanda hadi kitanda. Miaka ikapita, kitabu kilekile kikaja kuwekwa kwenye orodha na kutungiwa maswali ya mtihani. Nasema haya kwa sababu mwaka 2023 Wizara ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, na kwenye kundi letu la simu tulijadiliana siku mbili kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Lilishatokea. Kila rika linaamua upya nini kimfikie mtoto, na mzazi ana haki ya kuuliza. Kwa maoni yangu mjadala ule ulikuwa mkali kuliko ulivyostahili, maana shule zetu za mlimani hazikuwa na hata kimoja kati ya vitabu hivyo 16. Tulikuwa tunabishana kuhusu kabati la watu wengine.

Mama yangu yeye alikuwa mwalimu wa UPE. Vijana hawajui neno hilo, kwa hiyo nitaeleza. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa huku wakifundisha. Mama alisimama mbele ya darasa akiwa na miaka kumi na minane, na silaha yake ilikuwa chaki na mfululizo mmoja wa vitabu, Tujifunze Lugha Yetu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo mzee wangu wa meza ya mbele alipokuwa analenga.

Tangu 1967 shule zote za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi vitabu vya kusomea vilikuwa vilevile nchi nzima. Mtoto wa Same, wa Kigoma, wa Newala na wa Tarime walifungua kitabu kimoja. Matokeo yake mnayaona mpaka leo. Kaa kwenye daladala ya Mbagala, mtu akose kiti na aseme "sizitaki mbichi hizi". Kila mwenye umri wa miaka arobaini na kuendelea atacheka, awe Msukuma au Mmakonde. Taja Kibanga aliyempiga mkoloni, taja Bulicheka na mke wake Lizabeta, taja Brown ashika tama, na wageni kabisa watashindana kukumbuka picha ilikuwa upande gani wa ukurasa. Kazini kwangu tulikuwa na mkaguzi kutoka Ruvuma ambaye hatukupatana kwa lolote. Siku moja alisema kuhusu ripoti fulani kwamba imeandikwa na mpanda ngazi, na tangu siku hiyo tukawa tunakunywa chai pamoja.

Hilo ndilo lililokuwa zuri kwenye vitabu vyetu, mzee wangu. Si kwamba hadithi zenyewe zilikuwa bora kuliko zote. Nyingine zilikuwa za kuhimiza shamba la kijiji na kukemea gongo, na mtoto alizijua mwisho wake kabla hajageuza ukurasa. Lakini tulizijua wote. Mama alizifundisha, mimi nikazisoma kwake, na tukiongea leo tunaongea kwa mafumbo yaleyale.

Kilichoharibika ni karatasi. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1988, na wenzangu wa wakati huo watanishuhudia: kitabu kimoja tulikizunguka watano, aliyekaa katikati akisoma sawasawa na wawili wa upande wa juu wakisoma kichwa chini. Kuna rafiki yangu, sasa ni daktari, mpaka leo anaweza kusoma gazeti lililogeuzwa. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo na za mwisho hazikuwepo, na hadithi za mwisho wa kitabu tulizipata kwa kusimuliwa na darasa lililotangulia.

Kuanzia 1991 serikali ilibadili utaratibu, wachapishaji binafsi wakaanza kuingia kwenye vitabu vya shule. Vitabu vikawa vya aina nyingi, vya rangi, vizuri kwa macho. Mwaka huohuo ulianza na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao umewapa watoto wa nchi hii hadithi nyingi za Kiswahili walizokuwa hawana. Sina kinyongo na utaratibu huo. Lakini kwa pupa ya soko, shule hii ikawa na kitabu hiki na shule ya jirani kile, na mtoto aliyehama alianza upya. Mwaka 2013 kazi ya kuandika vitabu vya kiada ilirudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili wakapewa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka 2024 ikaanza mitaala iliyoboreshwa ambayo bado inaendelea kupanda darasa kwa darasa. Kwa mhasibu hilo lina maana moja: usinunue chochote bila kumuuliza mwalimu mwaka huu, hata kama uliuliza mwaka jana.

Sasa orodha ya sekondari, ambayo ndiyo kiini cha kifungu cha nne. Mimi nilisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba, tamthiliya ya karani wa sensa anayependa msichana wa kijijini mpaka makaratasi ya serikali yanachomwa moto. Kila nikienda kwenye ukaguzi na kuambiwa nyaraka za mwaka fulani ziliungua, namkumbuka Ngoswe na nauliza kama kuna binti wa kijijini. Kwa Kiingereza tulisoma Mabala the Farmer. Vilikuwa vitabu vyembamba, vya kuchekesha, na vilitufanya tutamani kingine.

Ngoswe bado yupo. Ukimuuliza kijana aliyemaliza kidato cha nne miaka ya karibuni atakutajia pamoja naye Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, Kilio Chetu, Orodha ya Steve Reynolds, na mashairi ya Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib. Nimevisoma vyote likizo iliyopita, kwa sababu siwezi kuwaombea fedha ya kitu nisichokijua. Takadini ilinishika. Mama anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe, mama anambeba mgongoni na kutoroka. Kwa nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, kitabu hicho kuwekwa mbele ya kila mtoto wa miaka kumi na sita ni uamuzi mkubwa na mzuri. Watoto wa Mama N'tilie wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na kuishia jalalani. Kilio Chetu na Orodha ni kuhusu UKIMWI.

Mnaona mwelekeo. Babu alipewa maajabu ya mbali. Baba alipewa taifa jipya na maswali ya haki. Mtoto wangu anapewa tahadhari: ugonjwa, mtaa, ukatili, rushwa. Kila orodha inaonyesha kile ambacho wakubwa wa wakati huo walikiogopa au walikitamani. Siwalaumu walioipanga hii ya sasa. Walikuwa wanazika vijana kila wiki, na sisi hapa tunakumbuka mazishi ya miaka ile mlimani. Ila nasema kama mzazi kwamba mtoto akisoma vitabu vya kuonywa tu, atadhani kitabu ni aina ya mkutano wa hadhara. Ndiyo maana kwenye makadirio kuna sehemu ya shule za msingi, na nimeomba iwe ya hadithi za kufurahisha tu.

Hata hivyo yaliyomo kwenye orodha siyo yaliyonifanya nilete kifungu hiki. Mwezi wa kumi na mbili, nilipokwenda nyumbani, nilikaa na watoto wa ndugu na jirani waliokuwa wanajiandaa kuingia kidato cha nne. Walikuwa tisa, wa shule zaidi ya moja. Niliwauliza kuhusu Takadini. Walinijibu vizuri mno. Dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, migogoro, ujumbe. Kila kitu kwa nambari. Nikamuuliza binti mmoja, hodari kweli: je, ulisikiaje yule mama alipoamua kukimbia usiku? Akaniangalia. Akasema, "Baba mdogo, hiyo haipo kwenye notisi."

Wale watoto tisa hakuna hata mmoja aliyekuwa amekishika kitabu chenyewe. Wamesoma uchambuzi, yaani vile vijitabu na karatasi za fotokopi zinazoeleza kitabu kinahusu nini. Mwalimu ana nakala moja, pengine yake mwenyewe aliyoinunua chuoni. Anaandika ubaoni, wananakili, wanakariri. Mtihani unataka hoja kutoka vitabu viwili, wanazitoa, wanafaulu. Simlaumu mwalimu. Ukimpa mtu kitabu kimoja na watoto 45 kwenye mkondo, atafanya nini kingine? Na hawa ndio watoto wa sekondari za kata zilizojengwa katikati ya miaka ya 2000 kwa msaragambo, mawe yakibebwa kichwani na mama zetu waliomo humu ukumbini. Darasa tulijenga. Dawati tulichanga. Kitabu tukakiacha kiende kwa fotokopi.

Babu alikuwa na Mashimo peke yake, na kilikuwa chake. Binti huyu ana vitabu sita kwenye orodha, na kwenye kumbukumbu yake hakuna hata mtu mmoja kutoka ndani ya vitabu hivyo, kuna nambari tu. Nikimsimulia mwisho wa Takadini nitakuwa nimemharibia hadithi ya kitabu ambacho anakijibia mtihani. Sijui mhasibu gani angekubali kusaini hesabu za namna hiyo: mali ipo kwenye leja, ukienda stoo haipo.

Basi shilingi. Nimeongea na walimu wa Kiswahili wa sekondari yetu. Kidato cha tatu na cha nne kila kimoja kina mikondo miwili, karibu wanafunzi 90. Tukisema kila wanafunzi wawili kitabu kimoja, tunahitaji nakala 45 za kila jina kwa kidato kimoja. Mwalimu mmoja akatoa wazo lililopunguza gharama nusu: vidato viwili visisome aina moja kwa wakati mmoja. Wa tatu wakiwa kwenye riwaya, wa nne wawe kwenye tamthiliya au ushairi, kisha wabadilishane. Hivyo nakala 45 zinatosha vidato vyote viwili. Majina sita mara 45 ni vitabu 270. Kwa makadirio ya shilingi 8,000 kila kitabu, ni shilingi 2,160,000. Shule za msingi mbili, vitabu vya hadithi 150 kila moja, kwa shilingi 4,000: ni 1,200,000. Makabati matatu ya mbao yenye kufuli, yatengenezwe na mafundi wetu palepale, 350,000 kila moja: 1,050,000. Kubaki 190,000 ni ya majalada ya plastiki, muhuri na rejista ya kuazimia. Jumla ni ile 4,600,000. Usafiri haupo kwenye hesabu kwa sababu ndugu yetu mwenye lori la tangawizi amesema linapanda tupu, na nimemshukuru kwa maandishi ili asibadili mawazo.

Kuhusu serikali: inaleta vitabu vya kiada, na tuseme ukweli, vinafika vingi kuliko zamani. Riwaya na tamthiliya ndizo zinazoanguka katikati. Zinatajwa kwenye orodha, hazifiki za kutosha, na mzazi wa kawaida kule hawezi kununua sita kwa mkupuo mmoja wakati kuna sare, daftari na michango ya chakula.

Kuhusu simu: mtoto mwenye simu mlimani anaitumia kusoma uchambuzi uleule, kwa herufi ndogo zaidi, akinunua bando. Siku watakapokuwa na vifaa na umeme wa uhakika tutaongea upya, na mimi nitakuwa wa kwanza kufuta kifungu cha majalada ya plastiki.

Kaka yetu anayeishi Uingereza amejitolea kututafutia kontena la vitabu vilivyotumika. Kaka, tunakushukuru, na najua umeshaongea na watu huko. Lakini nimeona makontena kama hayo kwenye wilaya nyingine. Vinakuja vitabu vya theluji na sherehe za huko, vingine vya sheria za barabarani za nchi nyingine, kwa Kiingereza ambacho mtoto wa darasa la nne hakijui bado. Vinajaza kabati, mgeni akija anapiga picha, na hakuna anayevisoma. Gharama ya kulitoa kontena bandarini peke yake ingetununulia orodha yote ya sekondari. Tukuombe badala yake mchango wako uwe wa fedha, na kabati moja tuandike jina la marehemu baba yako, ambaye wengi wetu alitufundisha herufi.

Jambo la rejista. Vitabu vitabaki mali ya shule, na muhuri wa umoja utapigwa ukurasa wa ndani na ukurasa wa 25, maana ukurasa wa kwanza hung'olewa. Kila mwisho wa muhula mwalimu mmoja na mjumbe wetu mmoja wa kijijini watahesabu pamoja, na hesabu hiyo itachapwa kwenye kijitabu hiki mwakani, hata ikiwa aibu. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakitaandikwa kuwa kimepotea. Nimeomba kamati ikubali kwamba vitabu vikipungua sehemu ya kumi kwa mwaka kwa sababu ya kuchakaa, hiyo ni gharama ya kawaida, kama mafuta ya gari. Kabati ambalo halipungui kitu ndilo litakalonitia wasiwasi, na ndilo nitakalolikagua kwanza.

Kuna ombi moja ambalo halimo kwenye makadirio kwa sababu halina bei. Walimu wa msingi wameniuliza kama tunaweza kupata nakala za Tujifunze Lugha Yetu za zamani, wawe nazo chache kwa ajili ya kusomea kwa sauti siku ya Ijumaa, ili mzee akija shuleni kusimulia awe na kitu ambacho yeye na watoto wamekiona wote. Kama unazo, kwenye stoo, juu ya kabati, au zimefungia sukari, tafadhali zilete kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi wa nne. Tutazipiga picha na kukurudishia zako ukipenda. Mama yangu ana ya darasa la tatu na ya darasa la nne. Amesema ya darasa la tatu atatoa, ya darasa la nne njooni mwenyewe mwombe.

Fomu za ahadi ziko ukurasa unaofuata. Jina la kitabu utakachokichangia liandike kwa herufi kubwa, na idadi ya nakala kwa tarakimu, tafadhali, siyo kwa maneno.